Mzazi mwenye betri ya moyo na homa isiyoisha: maswali na majibu

Betri ya moyo inawekwa hapahapa Dar es Salaam, katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili, na kwa kawaida mgonjwa hurudi nyumbani baada ya muda mfupi. Kinachofuata ndicho kinachowanyima watoto usingizi: mzazi yuko Mbagala, wewe uko kazini Posta, na kila simu ya nyumbani inakushtua. Katika maswali haya, la homa nimelipa nafasi kubwa kuliko mengine kwa sababu ndilo ninaloliogopa zaidi.

Baba amewekewa nini hasa, na kwa nini kitu cha kumsaidia kimletee madhara?

Ni kifaa kidogo bapa cha chuma kinachoenea kiganjani, kilichowekwa chini ya ngozi karibu na mtulinga, mara nyingi upande wa kushoto. Waya mmoja au zaidi hupita ndani ya mshipa wa damu hadi kwenye moyo. Moyo ukichelewa kupiga, kifaa kinatuma umeme mdogo sana, nao unapiga.

Kwa kuwa ni kitu kigeni ndani ya mwili, madhara yapo: damu kuvilia, waya kuhama mahali pake, vijidudu kuingia. Mengi hutibika yakiwahiwa. Arne Larsson wa Uswidi, mtu wa kwanza kuwekewa kifaa hiki mwilini mwaka 1958, alikiona cha kwanza kikifa baada ya saa chache tu. Alibadilishiwa vingine zaidi ya 20 na akaishi hadi mwaka 2001, akiwa na miaka 86.

Kidonda cha mama kimevimba na ngozi imekuwa ya zambarau. Niogope?

Uvimbe kidogo na ngozi kuvilia damu siku za mwanzo ni kawaida, hasa kama anatumia aspirini au dawa ya kuyeyusha damu kama warfarini. Asiache dawa hizo bila kuambiwa na daktari. Uvimbe ukizidi kukua, ukakaza ngozi na kuuma, mrudishe hospitali alikowekewa. Usikubali mtu yeyote wa mtaani autoboe kwa sindano, hata awe na nia njema kiasi gani, maana sindano hiyo inaweza kupeleka vijidudu moja kwa moja kwenye kifaa.

Kwa joto letu la Dar, kidonda kikae kikavu. Kisipakwe mafuta ya nazi, poda wala majani. Kwa wiki nne hadi sita za mwanzo asiinue mkono wa upande huo juu ya bega, asibebe ndoo, asikune nazi. Ila usiufunge mkono kabisa, bega litakakamaa. Kama anaswali, mikono ya takbira iishie usawa wa mabega, na kama kusujudu kunamlazimu kuuegemea mkono huo, aswali ameketi hadi apone.

Mama ana homa inayokuja na kuondoka. Kituo cha kwanza walisema malaria, cha pili UTI, cha tatu taifodi. Betri aliwekewa mwaka jana na kidonda kilishapona. Inahusiana?

Inaweza kuhusiana, na usilipuuze wazo hilo. Vijidudu vinaweza kushika kwenye kifaa au kwenye waya ndani ya mshipa miezi mingi, hata miaka, baada ya kidonda kupona. Ngozi ya juu inaweza kuonekana safi kabisa. Mzee naye si lazima achemke: anaweza kuchoka tu, kukataa chakula, kutetemeka jioni, kupungua uzito au kuanza kuchanganya maneno. Nyumbani mnasema ni uzee.

Malaria ipimwe, ndiyo. Lakini kipimo kikionyesha hana, au dozi imeisha na homa imerudi, mwambie daktari kwa sauti: "Mama ana betri ya moyo." Usidhani ameiona. Iko chini ya gauni na mtandio, na mama mwenyewe anaweza asiitaje kwa sababu kwake ni jambo la mwaka jana. Kisha omba damu yake ichukuliwe ikaoteshwe maabara, ili ionekane kama ina vijidudu, kabla hajaanza antibayotiki.

Mpangilio huo una maana kubwa. Akimeza vidonge vya duka la dawa siku mbili tatu, homa inashuka, kila mtu anashukuru, na damu ikipimwa vijidudu vinaweza visionekane huku ugonjwa unaendelea. Ndiyo maana nawasihi watoto: mzee mwenye betri ya moyo asinunuliwe antibayotiki kwa kukisia. Hali ikiwa mbaya, anahema kwa shida au amelegea kabisa, mkimbize hospitali kubwa. Huko watachukua damu na kuanza dawa papo hapo.

Ikithibitika kwamba vijidudu vimefika kwenye kifaa, dawa peke yake kwa kawaida haitoshi. Kifaa hutolewa pamoja na waya zake zote, mgonjwa hupewa dawa ya mshipa, mara nyingi kwa wiki kadhaa, na kama bado anahitaji betri huwekewa nyingine, kwa kawaida upande wa pili. Najua inavyouma kumwambia mzee wa miaka 80 kwamba anarudi chumba cha upasuaji. Kukiacha ni hatari zaidi.

Jambo moja unaweza kulifanya mwenyewe. Mara moja kwa wiki, anapobadili nguo, tazama ngozi iliyofunika kifaa. Ikiwa nyekundu au ya moto, ikiwa imekuwa nyembamba na kung'aa hadi ukingo wa chuma unajichora, au kuna kitundu kinachotoa majimaji, mpeleke siku hiyohiyo hata kama haumwi. Chuma kikishatokeza, hata kidogo sana, kifaa huhesabiwa kimeingiwa na vijidudu.

Baba amerudiwa na kizunguzungu. Waya umechomoka?

Huenda. Waya huhama zaidi wiki za mwanzo, na miaka ikienda unaweza kukatika. Dalili ni kizunguzungu, kuzimia, uchovu ule wa kabla ya betri, wakati mwingine kwikwi zisizokoma. Uliza kliniki kifaa kimewekwa kisiruhusu moyo kushuka chini ya mapigo mangapi kwa dakika, kisha ujifunze kuhesabu mapigo ya moyo kwenye kifundo cha mkono kwa dakika nzima. Yakiwa chini ya hapo na hajisikii vizuri, nenda naye. Akizimia, tafuteni gari, si bodaboda.

Betri ikiisha usiku?

Haizimi ghafla. Nyingi hudumu miaka kati ya 8 na 12, na kliniki huona miezi kadhaa kabla kwamba inakaribia kuisha. Hii ndiyo sababu ya kutoruka kliniki hata akiwa mzima.

Simu na vyombo vya umeme?

Simu ikae angalau sentimita 15 kutoka kwenye kifaa, kwa hiyo isikae kwenye mfuko wa kifuani wa kanzu au shati upande huo. Runinga, pasi na mikrowevu havina neno. Kadi ya kifaa atembee nayo, na ionyeshwe kabla ya kipimo cha MRI.

Mama hasemi kitu. Kila nikipiga ni "marahaba mwanangu, sijambo tu".

Wazazi wetu hawataki kuwa mzigo. Uliza yanayoonekana: jana ulifika msikitini bila kupumzika njiani? Umelalia mito mingapi? Viatu vinakubana? Majibu hayo yatakuonyesha kama moyo unazidi kuchoka, naye hajalazimika kulalamika.

Naona vibaya kuuliza, lakini siku yake ikifika, betri haitamzuia kufa akabaki anateseka?

Uliza bila aibu. Haitamzuia. Msuli wa moyo ukishindwa kuitikia, umeme ule haufanyi kitu. Akizikwa kaburini, kifaa hakihitaji kutolewa. Mwili ukichomwa, lazima kitolewe kwanza kwa sababu hulipuka kwenye moto. Aliye na kifaa cha aina nyingine, kile kinachoushtua moyo unapokwenda mbio kwa hatari, anahitaji mazungumzo ya mapema: familia na daktari wakubaliane lini mishtuko izimwe, asije akapigwa umeme akiwa katika saa zake za mwisho.