Kaa upande wa mwanao, ushike padi ya pili

Baba mmoja wa Langoni, nahodha wa mashua ya uvuvi, alifika kliniki yetu ya watoto na familia hapa Lamu na shauri ambalo nimelisikia mara nyingi mwaka huu. Binti yake wa miaka tisa haongei. Akirudi chuoni huingia ndani, huwasha gemu, na akiitwa huitika "Abee" bila kugeuza shingo. Baba alikuwa ameshauficha waya wa mashine mara mbili. Nikamuuliza, mchezo wenyewe anaochezea mtoto ni upi, na unachezwaje? Hakujua. Nikamwomba wiki ile asifiche waya. Akae naye chini, ashike padi ya pili, yaani kile kifaa cha mkononi cha kuchezea, kisha waje wote wawili.

Wazazi wengi wakisikia "gemu" hufikiria mpira wa vibandani, ambapo vijana hulipa kwa mechi na mmoja lazima aondoke amefungwa. Ile ni aina moja tu. Kuna michezo ambayo wachezaji wote wako upande mmoja, wakishinda wameshinda pamoja, wakishindwa ni wote. Si jambo jipya. Mwaka 1978 kampuni ya Atari ya Marekani ilitoa mchezo wa gari la zimamoto ambapo mchezaji mmoja aliketi akaendesha kichwa cha gari, na mwenzake akasimama nyuma yake akiongoza mkia. Mmoja akikata kona bila kumwangalia mwenzake, gari lilijigonga. Aliyewahi kusimama ufuoni wakati wa mashindano ya mashua ya Maulidi anaelewa mara moja: kuna aliyeshika usukani, na kuna anayetoka nje na ubao upande wa upepo ili chombo kisipinduke. Hakuna wa kumshinda mwenzake mle ndani.

Nahodha na binti yake walirudi, wakacheza mbele yangu. Mchezo wao ni Overcooked, uliotoka mwaka 2016, wa jikoni. Oda za chakula huingia juu ya skrini, saa inakimbia, na wachezaji wagawane kazi: kukata mboga, kupika, kupakua, kuosha sahani. Chungu kikisahauliwa jikoni hushika moto. Maelekezo mengi ni picha, kwa hivyo hata mtoto asiyesoma vizuri anaumudu.

Duru ya kwanza ilikuwa ya baba. "Kata! Peleka! Siyo hiyo! Upesi!" Nilikuwa nikimtazama binti. Mabega yalimpanda hadi karibu na masikio, kidole gumba kikabaki kwenye kitufe kimoja, na alichokuwa akikata hakukimaliza. Supu ikaungua, moto ukaenea, oda zikapotea. Baba alikuwa mchangamfu, hakuwa na hasira hata kidogo, nataka hilo lieleweke. Alikuwa akifanya anachofanya baharini kila siku, na baharini amri ya nahodha ndiyo inayookoa watu.

Nikaomba badiliko moja. Duru hii binti ndiye nahodha, na baba ana ruhusa ya sentensi moja tu: "Sasa nifanye nini?"

Ilipita kama nusu dakika ya kimya. Kisha yule mtoto "asiyeongea" akaanza. "Baba, wewe simama hapo kwenye sahani, usitoke. Mimi nikisema tayari, ndipo unipe." Akaeleza kwa nini nyanya zitangulie kukatwa, na kwa nini mtu mmoja asivuke upande wa pili bila sababu. Alikuwa na mpango mzima kichwani, na alikuwa nao siku zote. Katikati ya haraka baba akabonyeza kitufe kisicho chake na sahani yenye chakula ikatumbukia majini. Akaduwaa. Binti akasema, macho yakiwa kwenye skrini, "Si neno, baba, tutapika nyingine."

Wakati wa kuondoka baba alibaki nyuma kidogo mlangoni. Akaniambia, "Hilo 'si neno' mimi sijamwambia hata siku moja."

Katika kazi hii nimeona watoto wengi husema zaidi macho yao yakiwa kwenye kitu kingine. Kumketisha mtoto ana kwa ana na kumuuliza "una nini?" ni kama kumweka mahakamani. Lakini mkikaa ubavu kwa ubavu, mikono ina kazi, maneno hutoka yenyewe, kama yanavyotoka mkipaa samaki au mkisuka ukili. Gemu lina jambo la ziada: mara nyingi mtoto ndiye fundi na mzazi ndiye mwanagenzi. Akiona mtu mzima anakosea, anauliza, anajaribu tena bila kukasirika, anajifunza namna ya kushindwa kwa kuiona. Kwa hiyo msijifanye wajuzi. Na msiugeuze mchezo kuwa mtihani wa hesabu au wa tabia. Mtoto hulinusa hilo upesi, na akishalinusa ataomba kucheza peke yake.

Kuhusu uteuzi, tazama namba ya umri kwenye kasha au kwenye duka la mtandaoni. Mfumo wa Ulaya hutumia 3, 7, 12, 16 na 18. Overcooked ni 3, na Minecraft, mchezo wa kujenga kwa matofali, ni 7. It Takes Two, uliotoka mwaka 2021, ni mzuri sana na hauchezeki bila watu wawili, lakini ni wa miaka 12, na hadithi yake ni ya mke na mume wanaotaka kuachana huku mtoto wao akiumia. Kama nyumbani kwenu kuna talaka ya karibuni, ucheze kwanza wewe na mtu mzima mwenzako, ndipo uamue.

Asiye na mashine asijione amekosa. Simu mbili zilizo kwenye mtandao mmoja wa nyumbani zinatosha kujenga nyumba pamoja ndani ya Minecraft. Kucheza mkiwa chumba kimoja pia kunakuepusha na watu msiowajua wanaozungumza na watoto kupitia intaneti, na hilo mimi ndilo huniogopesha kuliko mchezo wenyewe.

Kwa wadogo, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: chini ya miaka miwili skrini haishauriwi, na kuanzia miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku. Kwa wakubwa, sisi wa hapa tuna saa zetu tayari. Baada ya Alasiri hadi kabla ya Magharibi ni muda wa kutosha, na adhana inamaliza mjadala. Ila mwonye mtoto mapema, mmalize hatua mliyo nayo, kwa sababu kuchomoa waya katikati kunaweza kufuta kazi yenu ya nusu saa. Huyo anayelia si mtukutu, ameona mlichojenga kikibomolewa.

Shirika hilo limeutambua pia ugonjwa wa uraibu wa gemu katika orodha ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022. Dalili zake ni mtu kushindwa kujizuia, mchezo kutangulia mambo mengine yote, na kuendelea hata pale madhara yanapoonekana, kwa kawaida kwa muda wa miezi kumi na miwili au zaidi. Mtoto anayekasirika akiitwa kula si lazima awe na ugonjwa huo. Lakini aliyeacha kulala, aliyeacha marafiki, anayekosa shule kwa sababu ya mchezo, mleteni mapema. Kama gemu ni la kubebeka, njooni nalo, na mzazi awe ameshalicheza japo mara mbili.