Kichecheni kina ngeli, ila nomino haizionyeshi

Mswahili anayeanza kujifunza Kichecheni, lugha ya Chechnya huko Urusi, ana bahati: ngeli anazijua tayari. Shida ni kwamba atazitafuta pasipo pake. Kwetu "kitabu" chenyewe kinajitangaza. Kichecheni nomino hunyamaza, na alama hujitokeza kwenye kitenzi, kwenye vivumishi vichache, na hata kwenye namba 4, ilhali 3 na 5 hazibadiliki.

Alama zenyewe ni v, y, d na b basi. Zitazame kwenye "ni": vasha vu (ni kaka), yisha yu (ni dada), ber du (ni mtoto), malkh bu (ni jua). V katika umoja ni ya wanaume peke yao. Vitu vimegawanyika kati ya y, d na b, na usihangaike kutafuta kanuni. Kariri kila nomino pamoja na "ni" yake, ya umoja na ya wingi, maana zinaweza kutofautiana.

Wengi hukwama kwenye upatanisho. Tumezoea kitenzi kimfuate mtenda. Huku, kitenzi chenye mtendwa humfuata mtendwa: as bolkh bo, nafanya kazi, as lamaz do, naswali. As ni mimi, awe mume au mke anayesema. B imeletwa na bolkh (kazi), d na lamaz (sala). Kikikosa mtendwa, kitenzi kinamrudia mtenda, ndiyo maana mgeni mwanamume hukaribishwa marsha voghiyla, mwanamke marsha yoghiyla, kundi marsha doghiyla.

Kwa bahati nzuri ni kama theluthi tu ya vitenzi vinavyobeba alama hizi. Kamusi huviweka chini ya d, hivyo ukikutana na bo, au kivumishi vokkha (mkubwa), fungua kwenye d: dan, dokkha.

Jambo la mwisho ni la kibodi. Tangu 1938 Kichecheni huandikwa kwa herufi za Kikirili kama Kirusi, lakini kina herufi ya ziada, kijiti Ӏ, ambayo kibodi ya kawaida ya Kirusi haina. Watu huandika 1 au I ya Kilatini: Ӏаж (tofaa) huwa 1аж. Msomaji haimsumbui, ila kompyuta huona maneno mawili, na kamusi ya mtandaoni inakujibu kwamba neno halipo. Kabla ya kutafuta, zigeuze zote ziwe Ӏ. Kwa 1, geuza iliyoshikana na herufi tu, la sivyo utaharibu miaka na bei.