Mlikubaliana kwa mdomo: je, makubaliano hayo yanamfunga mshirika wako kisheria?

Ndiyo, yanamfunga. Hapa Lamu watu bado huambiwa kwamba bila karatasi hakuna kesi, na wengi huacha haki yao ikapotea kwa kuamini hivyo. Sheria ya Kenya haitaki maandishi kwa kila mkataba. Mmoja akipendekeza, mwenzake akakubali, kila upande ukatoa au kuahidi kitu chenye thamani, na masharti yakaeleweka, mkataba umefungwa, hata kama yote yalisemwa barazani.

Yako mambo ambayo mdomo hautoshi, na mawili huwakuta wafanyabiashara kila mara. Kwanza ni ardhi. Kifungu cha 3(3) cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 23, kinataka mauzo ya kiwanja, shamba au nyumba yaandikwe, pande zote zitie saini, na kila saini ishuhudiwe na mtu aliyekuwapo ikitiwa. Kiwanja cha Shela kilichouzwa kwa kupeana mikono tu ni hatari tupu kwa mnunuzi.

Pili ni dhamana ya deni la mtu mwingine, na hapa maneno machache hubadili kila kitu. Nahodha anachukua nyavu dukani, nawe umesimama kando. Ukisema "Mpe, nitalipa mimi," deni ni lako tangu mwanzo, na kauli hiyo inatosha. Ukisema "Mpe, asipolipa nitalipa mimi," umekuwa mdhamini, na bila maandishi yenye saini yako mwenye duka hawezi kukushtaki kwa dhamana hiyo. Mwenye duka, ukisikia hiyo ya pili, toa karatasi kabla ya kutoa nyavu.

Nje ya hayo, kinachowaangusha watu ni ushahidi. Chukua washirika wawili: mmoja ametoa shilingi 400,000 za mashine ya boti, mwenzake ana chombo na ndiye anayevua. Pesa zilipita M-Pesa mara mbili, 250,000 kisha 150,000. Ujumbe wa M-Pesa unaonyesha pesa zilitoka na zikafika. Hausemi zilikuwa mkopo, hisa au zawadi. Samaki wakianza kuleta faida, mtoa pesa anadai nusu ya mapato, mwenye chombo anasema alikopeshwa tu. Na "tutagawana tukipata" ni sharti bovu. Mnagawana kabla au baada ya kutoa mafuta, barafu na ujira wa mabaharia? Hakimu hawatungii watu mkataba ambao wenyewe hawakuukamilisha.

Kwa hivyo siku hiyo hiyo mtumie mwenzako WhatsApp: "Kama tulivyokubaliana leo, 400,000 ni mchango wangu wa mashine, si mkopo. Tunatoa kwanza mafuta, barafu na ujira, kinachobaki tunagawana nusu kwa nusu kila Alhamisi. Mashine ikiharibika tunatengeneza kwa nusu. Nijibu kama ndivyo." Mtake ajibu kwa maneno, emoji ya kidole gumba huleta ubishi. Mazungumzo usiyafute na simu usiiuze. Sheria ya Ushahidi inaupokea ushahidi wa kielektroniki, lakini nakala zilizochapwa huambatana na cheti cha kifungu cha 106B, kinachoeleza zimetoka kwenye kifaa gani na kwa njia gani. Shahidi naye awe aliyesikia kwa masikio yake, si aliyesimuliwa baadaye.

Muda wa kushtaki ni miaka 6, na huhesabiwa tangu mkataba ulipovunjwa, si tangu mlipokubaliana. Kwa deni, mdaiwa akilipa sehemu au akilikiri kwa maandishi yenye saini yake, hesabu huanza upya.

Kadhi hana mamlaka ya mzozo wa biashara: ibara ya 170 ya Katiba imempa mambo ya Waislamu ya ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya kibinafsi. Wazee wanaweza kuwapatanisha, na mkipatana andikeni na mtie saini. Mkishindwa, dai la pesa lisilozidi shilingi 1,000,000 linafaa Mahakama ya Madai Madogo, ambako unaweza kujisimamia mwenyewe na sheria inataka kesi iishe ndani ya siku 60.