Mzee wa Kaunta Buku Amerudi Newala

Jumamosi iliyopita tulimuaga fundi wetu mkubwa. Haikuwa sherehe ya mbwembwe. Tulikula wali wa nazi na pweza pale pale uwanjani kwa gereji, tukanywa soda, akakabidhiwa bahasha ambayo vijana wa kijiwe walichangishana bila kuambiwa na mtu, pamoja na jembe jipya lililofungwa utepe mwekundu ili watu wacheke. Mzee alilipokea, akapitisha kidole gumba kwenye makali, akasema: "Hili halijanolewa. Mmenipa kipuri feki." Akalifunga kwenye keria, akapiga kiki mara moja, akashika barabara ya Newala. Hakugeuka nyuma. Kwa wanaomjua, hilo si ajabu.

Jina lake sitaliandika. Mwenyewe alikuwa akisema jina la fundi mahali pake ni kwenye risiti, basi.

Nimekuwa naye tangu 2006, nilipofika kwake hapa Mtwara mjini nikiwa najua kuziba pancha tu. Watu wakimsifia husifia mkono wake, na kweli mkono alikuwa nao. Mimi nitamkosa kwa sababu nyingine, nayo iko kwenye rafu nyuma ya mashine ya upepo: kaunta buku kumi na moja. Kila pikipiki iliyomtesa fundi yeyote pale gereji iliandikwa humo. Tarehe, aina, imetoka wapi, inafanya kazi gani, inalala wapi, tumefungua nini, na mwishoni kabisa, ugonjwa ulikuwa nini. Hapo kwenye "inalala wapi" ndipo wateja walipokuwa wanacheka. Mtu kaleta pikipiki inakosa nguvu, anaulizwa habari za malazi kama yuko gesti!

Tabia hiyo ilikuwa na chanzo chake. Mzee alianza ufundi zamani, kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa 2003, wakati Rufiji ilivukwa kwa kivuko pale Ndundu na masika yakichachamaa barabara ya Dar inakatika. Kipuri ukikiagiza unakisubiri wiki na wiki. Fundi wa kujaribu-jaribu, wa kubadilisha hiki halafu kile mpaka abahatishe, asingeweza kula. Ikabidi kuuliza kwanza, kupima, kisha kufungua. Siku hizi kipuri kiko duka la jirani, na nadhani ndiyo maana mafundi wengi wa rika langu tunafungua kwanza, tunauliza baadaye.

Nichukue tapeti kama mfano, zile skrubu za kurekebisha valvu (vilango vya injini vya kuingiza hewa na mafuta na kutoa moshi), maana ndizo zilizonifundisha adabu.

Pikipiki nyingi za Kichina za cc 125 zilizojaa huku kwetu zimefuata injini ya Honda CG125, iliyotoka 1976. Honda waliitengeneza wakijua wazi itaenda kwa watu wanaobeba mizigo na kusahau kumwaga oili, ndiyo maana wakaweka fito za kusukuma valvu badala ya cheni ndefu ya taimingi. Injini mvumilivu sana. Lakini kati ya roka, ule mkono mdogo unaoisukuma valvu, na valvu yenyewe lazima pawe na nafasi ndogo, na kwa CG ni milimita 0.08 injini ikiwa baridi. Chuma kikipata moto kinarefuka, sasa kama hakuna nafasi, valvu haifungi sawasawa. Na valvu hupoa pale inapokaa kwenye kiti chake. Isipokaa, inaungua. Ya ekzosi, ya kutolea moshi, ndiyo hutangulia.

Kosa langu la miaka ya mwanzo lilikuwa kuogopa kelele. Mteja anasema "fundi, inagonga," mimi nakaza tapeti mpaka kimya, mteja anafurahi, ananiongezea hela ya maji. Mzee aliniacha nifanye hivyo kwa wiki kadhaa. Siku moja ikarudi mojawapo, kiki mpaka jasho na haiwaki asubuhi. Akaifungua mbele yangu, akanionyesha ukingo wa valvu ulivyoliwa kama biskuti iliyong'atwa na mtoto. Akaniambia: "Inayolia inakwambia. Iliyonyamaza umeiziba mdomo." Tena huwa inanyamaza yenyewe, kwa sababu kiti cha valvu kinaliwa kidogo kidogo, valvu inapanda, na ile nafasi inapungua. Mwendeshaji anadhani pikipiki imetulia kumbe inakufa.

Kwa hiyo pima asubuhi, kabla haijawashwa. Zungusha magneto, lile gurudumu la umeme ubavuni mwa injini, mpaka alama ya T ikae sawa, maana yake pistoni iko juu kabisa, kisha tikisa roka zote mbili. Kama moja imebana, uko kwenye mzunguko usio wake, ongeza mzunguko mmoja kamili. Ingiza fila geji, kile kibati chembamba cha kupimia nafasi, ya 0.08. Inatakiwa itoke kwa kusitasita, kama unavuta karatasi aliyoibana mtu kwa kidole. Kaza nati, halafu pima tena, kwa sababu nati huizungusha skrubu bila wewe kujua. Hicho kipimo cha pili ndicho kila mtu anakiruka.

Sasa ile habari ya malazi. Kwenye buku la sita kuna mstari huu, mwandiko wake wa kulalia kushoto: "Tandahimba. Boxer. Kazi mikorosho. Inalala stoo ya salfa." Nakumbuka ilipokuja. Ilikuwa mwezi wa nane, wakulima wameshapulizia salfa kuzuia ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu, kwenye mikorosho. Kijana alikuwa ameshauziwa kabureta mbili, kile kifaa cha kuchanganya mafuta na hewa, sehemu nyingine, ya pili mpya kwenye boksi, na bado pikipiki ikifika mlimani inakohoa na mafuta inakunywa. Plagi ilitoka nyeusi kama kitako cha sufuria. Mzee hakugusa kabureta. Aliuliza maswali yake, akafungua chujio la hewa, ambalo sisi tunaliita ea klina, akaligonga kwenye gazeti. Lilimwaga unga wa manjano, ungedhani bizari.

Chujio likiziba, hewa inayoingia inapungua lakini mafuta yanaendelea kuvutwa. Hayaungui yote, plagi inavaa masizi, nguvu inakwisha. Unaweza kubadilisha kabureta kumi. Wajanja wengine huitupa ea klina kabisa, na siku chache pikipiki inaruka kama swala, kisha mchanga unasaga ringi na ukuta wa silinda, moshi wa bluu unaanza, na hapo gharama si ya chujio tena. Ya sponji ioshe kwa maji ya sabuni, ikauke kabisa, ipake oili kidogo na kuikamua. Ya karatasi usiioshe, badilisha. Kijana wa Tandahimba alilipa pesa ya chujio moja na akaenda, ingawa alikaa dakika nzima akizitazama kabureta zake mbili.

Mzee ameondoka kwa sababu ya masikio. Hilo halijasemwa na mtu pale uwanjani, nami nisingeliandika kama asingeniruhusu. Mwaka huu siku moja aliegemeza ncha ya bisibisi kwenye kifuniko cha roka, mpini sikioni, kama anavyofanya siku zote. Akasikiliza. Akasema, "Imetulia." Mimi nilikuwa hatua tano nyuma yake, nimeshika kikombe cha chai, na tapeti zilikuwa zinagonga mpaka nikazisikia juu ya redio. Sikusema neno. Aliniangalia usoni, akanisoma. Akazima injini, akaketi kwenye kidumu, akangoja ipoe karibu saa nzima huku akila ming'oko na pilipili, hakuongea. Kisha akaingiza fila geji. Ikapita bila kugusa popote, kama inapita hewani. Akaweka sawa, akakaza, akapima tena, akafuta mikono. Jioni akaniambia mikorosho yake Newala imekosa mtu.

Buku kumi na moja ametuachia. Fila geji ameondoka nayo.

Jumatano, siku nne tu baadaye, ikaletwa pikipiki ya mchuuzi wa samaki. Asubuhi haiwaki kabisa, ikifika saa tano inawaka kama hakuna kilichotokea. Nilibadilisha plagi. Nikabadilisha koili. Nikasafisha kabureta, huku najua si kabureta. Nikampigia simu.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba mwanangu. Inalala wapi?"

Hata sijaeleza. Nikanyamaza, akacheka kile kicheko chake cha puani, akasema ana watu shambani, akakata.

Nikamuuliza mwenyewe. Anaishi Msimbati, pikipiki anaiegesha nje chini ya mnazi, tenga likiwa bado juu ya keria. Nikafungua taa ya mbele, nikachomoa soketi ya swichi ya ufunguo. Ndani ilikuwa na ukoko wa kijani, ule wa shaba iliyoliwa na chumvi. Kwenye pikipiki nyingi za aina hii, ukizima ufunguo waya mmoja unagusishwa bodi na moto wa plagi unakatika. Umande wa usiku ukikutana na chumvi humo ndani, unafanya kazi ile ile ufunguo ukiwa umewashwa. Jua likikausha, pikipiki inapona. Nilisugua pini, nikapaka grisi, nikarudisha koili yake ya zamani na kumrudishia pesa ya ile mpya.

Kisha nikashusha buku la kumi na moja. Lina kurasa nyingi tupu. Nikaandika: "Msimbati. Ya Kichina, 125. Kazi samaki. Inalala nje, inatazama bahari."