Mchezo wa Zamani wa Mtandaoni Haufufuki kwa Kubonyeza Kitufe

Kibandani kwangu Mwanga, hapa Kigoma, natengeneza kompyuta na simu. Juzi kijana mmoja kaniletea CD iliyochubuka: "Kaka, niwekee huu mchezo, ule wa mwanzo kabisa, siyo haya madude ya siku hizi." Ni mchezo wa kucheza na wenzako mtandaoni. Waliokuwa benchi wakadakia, kila mmoja na lake, na mengi waliyosema siyo.

"CD ninayo, basi mchezo ninao."

Huna. Kwenye CD kuna picha, sauti na programu ya kukufungulia mlango. Dunia yenyewe, yaani adui anakaa wapi, nani ana dhahabu kiasi gani, upanga unaumiza vipi, vyote vinatunzwa kwenye seva, yaani kompyuta kubwa ya kampuni, na seva hukuuziwa. Mchezo wa mtandaoni wa City of Heroes ulipozimwa tarehe 30 Novemba 2012, mwenye CD na asiye nayo walilala njaa sawa.

"Kampuni ikitaka inabonyeza tu, toleo la zamani linarudi."

Hapa huwa nawanyooshea watu kidole kuelekea ziwani, kwenye habari ya Liemba. Meli ile iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa Kigoma vipande vipande, ikaitwa Graf von Götzen. Mwaka 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe isiangukie mikononi mwa adui. Ila kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka mitambo yake grisi. Waingereza walipoiibua mwaka 1924 mitambo ilikuwa bado inafaa, na mwaka 1927 meli ikarudi kazini kwa jina tunalolijua.

Grisi ya mchezo ni nakala ya akiba. Jagex wa Cambridge, wenye RuneScape, walikuwa na nakala ya mchezo wao ya Agosti 2007, kabla ya mabadiliko yaliyowaudhi wachezaji. Februari 2013 wakaitisha kura ya kuirudisha, zikapigwa karibu 450,000, na Old School RuneScape ikafunguliwa tarehe 22 mwezi huohuo. Bila nakala ile, kura zingekuwa makaratasi tu.

Sasa mtu atauliza: mbona Blizzard, wenye mchezo wa World of Warcraft na pesa zote zile, walichelewa? World of Warcraft ilitoka 2004; toleo la Classic, yaani la kale lililorudishwa, lilitangazwa Novemba 2017 na kufunguliwa Agosti 2019. Data za toleo la 1.12, la mwaka 2006, walikuwa nazo. Walipoiwasha programu ya zamani ilivyo, ikawa inaanguka kwenye kadi za picha za kisasa, haielewani na mfumo mpya wa akaunti, na haina kinga dhidi ya wezi na wadanganyifu wa leo. Wakaamua kuchukua data za kale na kuzipandisha kwenye injini mpya, yaani programu mpya inayoendesha mchezo. Liemba nayo ilitolewa injini za mvuke ikafungwa za dizeli miaka ya 1970, na sijasikia mtu wa Kigoma akiikana.

Na uangalie: 1.12 siyo mchezo wa siku ya kwanza. Ni wa karibu miaka miwili baadaye. Anayesema "la asili" aulizwe kwanza la mwezi gani.

"Mimi nakumbuka vizuri, wao ndio wamekosea."

Hii naipenda. Kwenye majaribio ya Classic, Mei 2019, watu waliripoti kasoro nyingi hadi Blizzard wakatoa orodha ya mambo ambayo siyo kasoro, ndivyo yalivyokuwa zamani. Adui aliyeuawa anachelewa kurudi? Ndivyo. Ramani haikuonyeshi pa kwenda kufanya kazi uliyopewa? Ndivyo. Ningeapa, mkono juu, kwamba ramani ilikuwa ikionyesha.

"Mchezo wa zamani hauna mwenyewe, seva ya mashabiki ni halali."

Hakimiliki haifi kwa sababu seva imezimwa. Nostalrius, seva ya mashabiki wa World of Warcraft ya kale, ilikuwa na akaunti hai zipatazo 150,000; ilifungwa tarehe 10 Aprili 2016 baada ya barua ya wanasheria wa Blizzard. Wale wa Homecoming waliofufua City of Heroes mwaka 2019 walipata leseni ya NCSoft, kampuni yenye mchezo huo, Januari 2024. Mpaka siku hiyo walikuwa wanaishi kwa huruma ya mwenye mali.

"Intaneti ya Kigoma haiwezi."

Mchezo wa 2004 ulitengenezwa uchezeke hata kwa modemu ya simu ya mezani. Kinachomaliza bando ni kuupakua. Tatizo letu ni umbali: World of Warcraft haina seva Afrika, kwa hiyo kila pigo lazima lifike ng'ambo na kurudi.

"Toleo likirudi, raha yake inarudi nalo."

Mwaka 2013 J. Allen Brack wa Blizzard aliulizwa hadharani kuhusu seva za kale, akajibu kwamba wachezaji wanadhani wanazitaka, lakini hawazitaki. Alikosea, na foleni za Agosti 2019 zilimuumbua. Ila kuna kipande alichopatia. Bosi Ragnaros, adui mkubwa wa World of Warcraft, aliyewachukua wachezaji wa kwanza kama miezi mitano kumwangusha, kwenye Classic aliangushwa ndani ya wiki moja. Bosi alikuwa yuleyule. Wachezaji walikuja na miaka kumi na mitano ya video na mahesabu, na silaha za 1.12.

Kijana wangu nilimwekea Old School RuneScape kwenye simu, ina sehemu ya kucheza bure. CD ameiacha kaunta, hajaifuata.