Mti wa mpakani na hadithi ya mzizi unaokwenda chini

"Huu mzizi wake unakwenda chini, hautagusa ukuta." Husemwa kwa uhakika kuhusu mwembe, mkuyu, hata mkaratusi, na hakuna hata mmoja kati ya hiyo unaostahili kuaminiwa hivyo. Mzizi mkuu hutawala mche ukiwa mdogo. Mti ukikomaa, sehemu kubwa ya mizizi hukaa kwenye sentimita 60 za juu za udongo, kwenye hewa na unyevu, na husambaa pembeni kupita kivuli cha matawi, mara nyingi maradufu.

Mizizi haitoboi zege zima. Huingia penye ufa, hufuata bomba linalovuja, au hunenepa chini ya msingi wa kina kifupi mpaka ukuta unainuka. Kwenye udongo wa mfinyanzi hata kugusa hakuhitajiki: kiangazi mti hufyonza maji, udongo husinyaa, msingi hushuka, na ufa hutokea mita kadhaa kutoka kwenye shina.

Basi pima kwa mti uliokomaa, si kwa mche ulioshika mkononi. Chukua upana wa matawi yake, gawanya kwa mbili, ongeza mita 1. Mwembe wenye matawi ya upana wa mita 10 unataka walau mita 6 kutoka mpakani, na karibu na ukuta wa msingi mfupi, ongeza tena. Huna nafasi? Panda mkomamanga au mlimau mita 3 ndani, uachane na mwembe. Mkuyu na jamaa zake wasahau kabisa.

"Ukizidi nitaukata kichwa." Utachipua matawi mengi marefu yaliyoshikilia juujuu tu, na hayo ndiyo yatakayomwangukia jirani. Jeraha nalo litaoza.

"Nitazungushia plastiki." Iwe nzito, ishuke walau sentimita 60 na ukingo wake uchomoze juu ya udongo, la sivyo mizizi itairuka. Hata hivyo mingine hupita chini yake. Husaidia kulinda njia ya matofali. Haikupi ruhusa ya kusogeza mti karibu na mpaka.

"Jirani akikata mizizi ya upande wake, hakuna neno." Lipo. Mizizi minene karibu na shina ndiyo nanga. Usikate ndani ya umbali wa mara tano ya kipenyo cha shina. Shina la sentimita 40, mita 2. Nanga za upande mmoja zikiondoka, upepo ukivuma kutoka upande huohuo hulaza mti upande wa pili, yaani juu ya paa lako.