Mtoto mwenye tetekuwanga: huyu aulizwe uji

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Mtoto mwenye tetekuwanga, ile inayoandikwa varicelle kwenye fishi ya kituo cha afya, aulizwe. Kwanza afungue mdomo, umulike kwa tochi ya simu. Mara nyingi utakuta vidonda vidogo kwenye ulimi na kaakaa, hata karibu na koo: upele ule ule wa mgongoni umeota na ndani. Basi akisukuma kijiko usidhani ni deko. Chakula kinamchoma.

Kwa hiyo tazama kilichomo sahanini. Limau, maracuja, nanasi, pilipili na mchuzi wa chumvi nyingi viwekwe kando kwa siku chache. Sambaza wa kukaanga, wale samaki wadogo wa ziwani, watamu kama walivyo, wana miiba inayokwaruza. Mtoto wa Bukavu akiwalilia, wakaushe vizuri, watwange wawe unga laini, kisha koroga kijiko kimoja kwenye uji. Uji wa masoso, yaani mahindi, soya na mtama, ndio tunaoupendekeza zaidi, mradi upewe ukiwa vuguvugu, si moto. Na usiwe maji. Wengi wetu tunaupunguza uzito tukidhani mgonjwa atameza vyepesi; tumbo linajaa, nguvu haziingii. Uji mzuri unakaa kwenye kijiko bila kutiririka. Ongeza kijiko kidogo cha mawese ulainike. Avoka iliyopondwa, ndizi mbivu, papai, viazi vilivyosagwa na maziwa ya mgando hupita bila kuumiza. Asali inatuliza mdomo, lakini asipewe mtoto ambaye hajatimiza mwaka 1.

Sasa lile linalotuletea watoto waliokonda. Nyumba nyingi zinamkataza mgonjwa mayai, samaki, nyama na mafuta, eti vitazidisha vipele. Havizidishi. Tetekuwanga inatokana na kirusi, na idadi ya vipele haitegemei chakula cha jioni. Kinyume chake, homa inauchosha mwili, na ngozi iliyotoboka inahitaji protini ili ijifunge. Yai likichemshwa likaiva, lipondwe na viazi, apewe. Najua katazo hilo mara nyingi linatoka kwa bibi au mama mkwe, na kubishana naye si rahisi. Mje naye kituoni, tuzungumze pamoja.

Anayenyonya aendelee kunyonya, tena mara nyingi zaidi, na aliye chini ya miezi 6 apewe maziwa ya mama peke yake. Mkubwa apewe maji yaliyochemshwa na kupoozwa, funda chache kila baada ya dakika kumi hivi, usiku pia akiamka. Mkojo ukiwa mchache na wa rangi nzito, hanywi vya kutosha. Kama homa ndiyo inayomkatisha kula, parasetamoli ya kipimo chake, nusu saa kabla ya chakula, husaidia. Aspirini asipewe kabisa: kwa mtoto mwenye tetekuwanga inaweza kuharibu ini na ubongo. Ibuprofeni nayo iacheni.

Kuna jambo moja nje ya jiko, kwa sababu tuko Kivu ya Kusini, na mpox, ugonjwa mwingine wa vipele, tunaijua. Vipele vya tetekuwanga huwa vya umri tofauti kwa wakati mmoja: hapa kidoa, pale lengelenge, kando yake gamba. Vikiwa vyote vya hatua moja, vikijaa viganjani na nyayoni, au tezi zikivimba shingoni, usikisie. Nenda kituo cha afya. Nenda pia haraka akishindwa kunywa, akitapika kila kitu, akipumua kwa shida, akilegea au kupata degedege, au ngozi ikivimba na kutoa usaha.

Baada ya wiki moja hivi magamba yanakauka na hamu inarudi, wakati mwingine kwa fujo. Itumieni nafasi hiyo. Kwa wiki 2 mwongezeeni mlo mmoja kila siku juu ya ile ya kawaida, kwenye sahani yake mwenyewe, maana kwenye sahani ya pamoja kaka zake wana mikono ya haraka kuliko yake.